Nani aamue noti inayofuata? Sonic Pi, Pure Data, SuperCollider na wenzao

Mpwa wangu hutengeneza biti za singeli chumbani kwao Tanga, kwa programu ya FL Studio na spika mbili ambazo hazikuzaliwa pamoja. Jioni moja baada ya kufuturu alinivuta pembeni.

"Mjomba, eti kuna programu inayotunga muziki yenyewe?"

"Zipo. Zilikuwepo kabla babu yako hajaoa."

Alicheka, akadhani namtania, lakini sikuwa natania. Mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson waliipa kompyuta iliyoitwa ILLIAC I kazi ya kutunga muziki wa fidla mbili, viola na chelo. Mashine ilikuwa inachota namba za kubahatisha, kila namba ikisimama badala ya noti. Kisha noti hiyo inapitishwa kwenye kanuni za zamani za kupanga sauti: ikivunja kanuni inatupwa, inachotwa nyingine. Mwishoni mwa kazi hiyo wakaziacha kanuni za wazee, wakaweka jedwali la uwezekano: ukitoka noti hii, nafasi ya kwenda ile ni kubwa kiasi gani.

Bahati na chekeche. Karibu kila programu ya kutunga muziki kwa algoridhimu, yaani kwa kanuni za hatua kwa hatua, hadi leo imejengwa juu ya hivyo viwili. Bahati inamwaga unga, chekeche linaamua upite upi. Kwa hiyo ninapolinganisha programu hizi, swali langu la kwanza halihusu ipi ina sauti tamu. Nauliza chekeche liko mikononi mwa nani, na kama naweza kulitoboa tundu jingine nikitaka.

Nilizijaribu kwa kazi ileile, kwenye laptopu yangu ya mtumba yenye RAM ya GB 4, kwa bando la kawaida. Kazi yenyewe ilikuwa na vipande vitatu. Kwanza, kengele: mapigo 7 ndani ya nafasi 12, mdundo unaojulikana sana Afrika Magharibi na ya Kati. Pili, sauti inayotembea yenyewe katika maqam (mpangilio wa noti wa Kiarabu) iitwayo Rast, ile ambayo mpenzi yeyote wa taarab anaijua sikioni hata kama hajui jina lake. Hapa pana mtego, kwa sababu Rast ina noti mbili zinazokaa katikati ya vitufe vya kinanda. Tatu, kesho nikiwasha tena nipate muziki uleule wa jana. Hilo la tatu watu hulisahau mpaka siku waliyosikia kitu kizuri kikapotea.

Sonic Pi

Sam Aaron aliianza mwaka 2012 katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa kushirikiana na Raspberry Pi Foundation, ili wanafunzi wa shule wajifunze kuandika programu kwa kupiga muziki. Ni ya bure. Neno "wanafunzi wa shule" lisikudanganye, maana kuna watu wazima wanapanda nayo jukwaani usiku na kuandika msimbo huku watu wanacheza.

Kengele yangu ilikuwa hivi, mistari minne tu:

```
live_loop :kengele do
  sample :drum_cowbell if spread(7, 12).tick
  sleep 0.125
end
```

Kazi yote inafanywa na `spread(7, 12)`. Inagawa mapigo 7 katika nafasi 12 kwa usawa kadiri inavyowezekana, kama mama anayegawa maandazi 12 kwa watoto 7 bila kugombanisha nyumba. Hadithi ya njia hii inanifurahisha. Mwanasayansi mmoja aitwaye Bjorklund aliibuni kwa ajili ya kupanga muda wa mitambo ya kurusha nyutroni. Mwaka 2005 Godfried Toussaint, wa Chuo Kikuu cha McGill kule Kanada, akaonyesha kwamba hesabu hiyo, ambayo ni ndugu wa hesabu ya Euclid ya kutafuta kigawanyo kikubwa cha namba mbili, inazaa midundo ya jadi ya watu wengi duniani. Gawa 3 katika 8 upate mdundo unaousikia Kuba na kwingineko. Gawa 7 katika 12 upate kengele ya Afrika, ila utaizungusha kidogo mpaka pigo la kwanza likae unapotaka.

Na kuna jambo moja ambalo mpwa wangu alilikataa mpaka nilipomkalisha kwenye kinanda. Hatua za kengele hiyo ni 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Bonyeza vitufe vyeupe kuanzia do mpaka do ya juu, uhesabu umbali kati ya kimoja na kingine ukijumlisha vyeusi: 2, 2, 1, 2, 2, 2, 1. Mgawanyo ni uleule, kimoja kimewekwa kwenye muda na kingine kwenye sauti. Kwaya ya kanisani na mpiga kengele wa Afrika Magharibi wamekuwa wakitumia hesabu moja.

Tuje kwenye Rast. Sonic Pi inaita do ya kati 60, na kila nusu toni inaongeza 1. Inakubali desimali. Hapo ndipo iliponishika moyo:

```
rast = [60, 62, 63.5, 65, 67, 69, 70.5, 72]
use_random_seed 7
hatua = 0
live_loop :nai do
  hatua = (hatua + [-2, -1, -1, 1, 1, 2].choose).clamp(0, 7)
  hatua = 0 if one_in(12)
  play rast[hatua]
  sleep 0.25
end
```

Soma chekeche langu. Sauti inapanda au kushuka. Hatua fupi zimeandikwa mara mbili na ndefu mara moja, basi fupi zina nafasi maradufu, kama mwimbaji anayetembea kwa adabu na kuruka mara mojamoja. Mstari wa `one_in(12)` unasema: kwa wastani mara moja katika kumi na mbili, rudi nyumbani. Hizo 63.5 na 70.5 ndizo noti za katikati. Mpiga kanuni halisi, ile ala ya nyuzi ya taarab, ataniambia kwamba Rast ya Zanzibar haikai sawasawa kwenye nusu ya nusu, na kwamba sikio lake linaisogeza kidogo kutegemea wimbo unakoelekea. Ana haki. Lakini nikiandika 63.4 badala ya 63.5 mashine haininunii, na uhuru huo ndio niliokuwa nautafuta.

Kuhusu kesho: Sonic Pi ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Bahati yake ina mbegu maalumu, yaani namba inayoanzisha mfululizo wote wa kubahatisha. Simamisha, anza tena, utasikia muziki uleule noti kwa noti, hata kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Ukichoka nao badilisha ile 7 ya `use_random_seed` iwe 8. Nina daftari lenye mbegu nilizozipenda, kama bibi anavyoandika namba za simu ukutani.

Kasoro zake ninazijua pia. Ukisahau `end` moja, programu nzima inagoma na kukupa ujumbe wa Kiingereza usiosaidia sana. Inarekodi faili la WAV, haikupi noti zilizoandikwa. Kutoka toleo la 3 la mwaka 2017 inaweza kutuma midi (maagizo ya noti, si sauti yenyewe) kwenda programu nyingine, lakini Windows nyingi hazina waya wa midi wa ndani, itabidi usakinishe kitu kama loopMIDI kwanza ndipo FL Studio isikie. Mpwa wangu alitumia nusu siku hapo. Na ukitaka kubuni sauti yenyewe kutoka mwanzo, badala ya kuchagua kati ya zilizopo, utafika ukutani mapema.

Pure Data

Hii ni kwa anayefikiri kwa mikono. Hakuna kuandika mistari. Unaweka visanduku kwenye ukurasa mweupe na kuviunganisha kwa nyuzi. Miller Puckette aliiandika mwaka 1996, baada ya kubuni programu ya Max katika taasisi ya IRCAM ya Paris miaka ya 1980. Pure Data ni huria na ya bure, ni nyepesi, na kwenye laptopu yangu ilifunguka kabla sijavuta kiti.

Fundi redio ataielewa haraka kuliko mwanafunzi wa kompyuta. `metro` ni saa inayogonga. `random` inatoa namba. `mtof` inageuza namba ya noti kuwa masafa ya sauti, nayo pia inakubali 63.5 bila ubishi. `osc~` ni wimbi, `dac~` ni tundu la spika. Unavuta uzi kutoka kimoja hadi kingine, na unaona kwa macho namba zinakopita. Mtu akikuuliza kwa nini noti hii imelia, unafuata uzi kwa kidole.

Kengele haimo tayari kama kwenye Sonic Pi. Nilifurahi haikuwemo, kwa sababu nililazimika kuielewa. Hesabu nafasi kuanzia 0 hadi 11. Zidisha kila moja kwa 7, chukua baki baada ya kugawa kwa 12; baki likiwa chini ya 7, piga. Jaribu kwenye karatasi: nafasi ya 0 inapiga, ya 1 inatoa 7 haipigi, ya 2 inatoa 14, baki 2, inapiga. Ukifika 11 utakuwa na mapigo 7 kamili, kengele ileile imezungushwa tu. Kwenye Pure Data ni visanduku vitatu mfululizo, `* 7`, `mod 12`, `moses 7`. Jina moses limetoka kwa Nabii Musa, kwa kuwa kisanduku hicho kinatenganisha namba kama bahari ilivyotenganishwa: ndogo kushoto, kubwa kulia. Watu wa kompyuta nao wana utani wao.

Tatizo ni kwamba kilicho kirefu kwenye Pure Data kinageuka tambi. Utembezi wangu wa Rast, ambao kule ulikuwa mistari michache, hapa ulijaza ukurasa, na nilipoufungua baada ya wiki mbili sikuelewa nilifikiri nini. Kuhusu mbegu, unaweza kuituma kwenye `random`, lakini inabidi ukumbuke kufanya hivyo kwa kila kisanduku cha bahati ulichoweka. Kimoja ukikisahau, usitegemee kusikia muziki uleule kila unapoanza. Sura yake ni ya zamani pia, nyeusi kwenye nyeupe. Anayechukizwa na hilo atumie plugdata, ambayo ndani yake ni Pure Data ileile iliyovalishwa nguo nzuri, tena inaweza kufunguliwa kama plagini ndani ya programu ya kurekodia. Kwa mpwa wangu hilo lilimaliza mjadala wa loopMIDI.

Pure Data ina faida moja ambayo wenzake hawaifikii kirahisi. Kuna maktaba iitwayo libpd inayoiwezesha kukaa ndani ya programu za simu na michezo ya kompyuta. Ukitaka muziki wa mchezo unaobadilika kadiri mchezaji anavyokimbia, badala ya wimbo unaojirudia mpaka mtu anazima sauti, anzia hapo.

Max ni ndugu yake wa kulipia. Jina limetokana na Max Mathews, aliyeifanya kompyuta itoe sauti katika maabara za Bell mwaka 1957. Ni nzuri zaidi machoni, msaada wake umeandikwa vizuri mno, na tangu 2017 kampuni yake ni mali ya Ableton, watengenezaji wa programu ya kurekodia ya Ableton Live, hivyo ukiwa na Ableton Live ya daraja la juu unaipata ndani yake. Haipo kwa Linux. Kama huna Ableton na hulipwi kwa kazi hii, sioni sababu ya kuinunua.

SuperCollider

James McCartney aliitoa mwaka 1996, na mwaka 2002 akaifanya huria. Imegawanyika sehemu mbili, seva inayotengeneza sauti na lugha inayoiamuru. Seva hiyohiyo ndiyo iliyo ndani ya tumbo la Sonic Pi. Ukitumia Sonic Pi umeshakula chakula cha SuperCollider bila kumwona mpishi.

Ukimwona mpishi utaogopa kidogo. Lugha yake ina alama nyingi, kuna vitu viwili vinavyoitwa karibu sawa na kufanya tofauti, na kosa dogo la hesabu linaweza kurusha sauti kali itakayokutoa machozi. Nasema kwa uzoefu: usijifunze SuperCollider ukiwa umevaa hedifoni kwa sauti kubwa, na kariri Ctrl na nukta, inayonyamazisha kila kitu, kabla hujakariri kingine chochote.

Lakini angalia jinsi inavyolishughulikia chekeche:

```
Pbind(
  \midinote, Pwrand([60, 62, 63.5, 65], [0.4, 0.2, 0.3, 0.1], inf),
  \dur, 0.25
).play;
```

Noti nne, na uzito wa kila moja waziwazi: do asilimia 40, ile ya katikati asilimia 30. Hili ni kama jedwali la Hiller na Isaacson kwenye mstari mmoja, ila haliangalii noti iliyotangulia. Zipo nyingine za aina hii kwa makumi: inayofuata orodha, inayochagua bila kurudia iliyotangulia, inayotangatanga kama mlevi, inayohama kutoka hali moja kwenda nyingine. Unazipachika moja ndani ya nyingine mpaka bahati yenyewe inakuwa na umbo. Mgiriki Iannis Xenakis, aliyekuwa mhandisi Paris kabla ya kujulikana kwa muziki, mwaka 1962 alitumia kompyuta ya IBM 7090 kukokotoa kazi za ala kwa hesabu za uwezekano, akifikiria muziki kama wingu la sauti ambazo moja moja hazina maana, zikiwa pamoja zina sura. Ukitaka kutengeneza wingu la namna hiyo, chembe elfu za sauti zikidondoka kama mvua kwenye bati, Sonic Pi itahema na Pure Data itakuchosha vidole. SuperCollider ndiyo mahali pake.

Kwa kazi zangu tatu, ilishinda kwenye Rast, ikalingana na Sonic Pi kwenye mbegu mradi ukumbuke kuiweka, na kwenye kengele ilinichukua muda kuliko zote kwa sababu nilikuwa napigana na mabano. Simpendekezei mtu anayeanza. Namsubirishia hapo yule ambaye amekaa miezi sita kwenye Sonic Pi na anaanza kusema "laiti ningeweza..."

Kwa asiye na kompyuta yake

Strudel inafunguka ndani ya kivinjari, hata cha simu, bila kusakinisha kitu. Alex McLean, aliyeanzisha TidalCycles, lugha ya kupiga muziki kwa msimbo, mwaka 2009 hivi, na Felix Roos waliileta mwaka 2022 ili mawazo ya TidalCycles yapatikane bila mateso ya kuisakinisha, na aliyewahi kuisakinisha TidalCycles anajua kwa nini nasema mateso. Kengele yangu yote ni `s("cb(7,12)")`. Mabano hayo ni ugawaji uleule wa Euclid, umefupishwa mpaka mfupa.

Ukiandika kitu unakituma kwa kiungo tu, rafiki anafungua na kusikia papo hapo na kukichezea. Kwa darasa la shule lenye kompyuta za kuazima, au kijiwe cha vijana wenye simu, sijaona kinachoikaribia. Tatizo ni kwamba sauti zake zinapakuliwa kutoka mtandaoni, kwa hiyo bando likikata katikati ya onyesho utabaki na ukimya na tabasamu.

Na wewe ambaye tayari uko FL Studio, huna haja ya kuhama kesho. Ndani yake kuna Riff Machine, inayobuni mistari ya noti kwa kubahatisha kulingana na mipaka unayoweka. Ni chekeche dogo, lenye matundu yaliyokwisha kutobolewa, lakini kwa singeli ya mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, ambako kipande kifupi kinazungushwa mpaka kinawaka moto, mara nyingi linatosha. Rast ndiyo itakushinda, kwa sababu meza yake ya noti ni ya vitufe 12 kwa oktavu. Utahangaika na kupinda sauti noti moja moja.

Huduma za akili mnemba

Mpwa wangu alipouliza swali lake, nadhani hizi ndizo alizokuwa nazo akilini: unaandika maneno, unasubiri kidogo, unapewa wimbo mzima na mwimbaji ndani yake. Sizikatai. Kwa tangazo la sekunde 20 la duka la simu, au kumwonyesha mteja "kitu kama hiki", zinaokoa siku nzima.

Nililipia moja kwa mwezi mmoja nikaipa kazi yangu. Niliomba kengele ya mapigo 7 katika 12. Nikapewa ngoma ya kawaida ya nne kwa nne yenye kengele ya mapambo. Niliomba taarab katika Rast. Nikapewa fidla nyingi za sinema, ngoma ya Kiarabu isiyo na anwani, na noti zote zimekaa kwenye vitufe vya kinanda kama wanafunzi paredini. Mashairi ya Kiswahili iliyaimba ikikaza silabi ya mwisho, "nakupen-DA", kana kwamba mwimbaji amekanyaga msumari, na "ng'ara" ikaitamka n-gara. Niliporudia ombi lilelile nikapata wimbo mwingine kabisa. Ule wa kwanza ulikuwa na kipande kimoja kizuri cha nai, yaani filimbi. Sikuweza kuuliza kilitokana na nini, wala kuomba kirefushwe kwa kanuni ileile. Hapa unga umeshachekechwa mahali pengine, kwa nyimbo za watu wengine, na mimi nimeuziwa mfuko.

Hao watu wengine nao wameanza kuuliza. Juni 2024 kampuni kubwa za rekodi zilizishtaki Suno na Udio, huduma mbili za aina hii, katika mahakama za Marekani kuhusu nyimbo zilizotumika kuzifundisha mashine, na baadhi ya kesi baadaye ziliishia kwenye makubaliano. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, katika ripoti yake ya Januari 2025, ilisema kuandika maombi peke yake hakutoshi kukufanya mtunzi wa kilichotoka. Ukiuza muziki nje, hilo si jambo la kusoma kwa usingizi. Msimbo wangu wa Rast, kwa upande mwingine, nimeuandika mwenyewe, kila tundu la chekeche nalijua.

Ningemwambia nani achukue nini

Mwalimu wa shule, au mtu asiyewahi kuandika msimbo: Sonic Pi, na kama hakuna kompyuta, Strudel. Mtu wa taarab, wa kasida, wa muziki wowote usioingia kwenye vitufe 12: Sonic Pi kwanza, SuperCollider baadaye, na ajiepushe kabisa na huduma za akili mnemba mpaka zijifunze kusikia. Mtengeneza michezo ya simu: Pure Data. Mwenye Ableton ya daraja la juu: tayari una Max, ifungue. Mtu wa jingle za redio zinazotakiwa kesho asubuhi: unajua mwenyewe utafanya nini, ila soma masharti ya huduma kabla hujampa mteja risiti.

Kuhusu gharama: Sonic Pi, Pure Data, plugdata, SuperCollider na Strudel zote ni bure. Gharama halisi ni bando la kupakua mara moja, isipokuwa Strudel inayokula kidogokidogo, na Kiingereza cha maelezo. Pure Data inavumilia kompyuta dhaifu kuliko wote. Sonic Pi kwenye laptopu yangu ilianza kukwama nilipofungulia lupu nane kwa pamoja, zenye mwangwi, huku kivinjari kiko wazi nyuma. Nilifunga kivinjari.

Mpwa wangu alichukua plugdata, kwa sababu anapenda kuona nyuzi. Sasa kengele yake ya 7 kwa 12 inakimbia chini ya singeli kwa mwendo ambao siwezi kuucheza tena kwa umri wangu, na ile namba 7 ameifanya kitufe cha kuzungusha: akiigeuza iwe 5 katikati ya biti, watu wanageuka kuangalia. Rast bado hajaigusa. Jana aliniletea ujumbe kuniuliza 63.5 inaandikwa wapi.